Kadi ya rangi 24 imetupatanisha

Mimi na mdogo wangu tunapiga harusi hapa Mbeya kwa kamera za kampuni mbili tofauti. Tukifungua faili za RAW (picha ghafi kama kamera ilivyozinasa), bi harusi yuleyule huku mwekundu, kule wa manjano. Kusawazisha nyeupe (kurekebisha picha ili cheupe kionekane cheupe) peke yake hakukutosha. Sasa tunatumia ColorChecker, kadi ya vibao 24 vya rangi: kabla ya ibada kila mmoja anaipiga mara moja kwenye mwanga uleule, kisha programu inatengeneza profaili ya kila kamera, yaani maelekezo ya kurekebisha rangi zake, kwa ajili ya Lightroom, programu yetu ya kuhariri picha. Ngozi zimeoana! Vitenge vya zambarau bado navigusa kwa mkono, zambarau ina ukaidi wake. Ukungu ukitanda Uyole, au mkiingia ukumbini kwenye taa, pigeni kadi upya. Profaili ya asubuhi haifai. Na kadi isishikwe kwa vidole vya pilau, shemeji yangu anajua.