Fimbo na Rili ya Kuvulia Besi Ziwa Kubwa: Ipi Ununue Kwanza

Kama unajiandaa kuingia mashindano madogo ya kuvua besi (samaki wa maji baridi, kwa Kiingereza bass) na watu mnaofahamiana, na hela yako inatosha seti moja tu, nunua rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya spini saizi 2500 au 3000, uifunge kwenye fimbo ya futi 7 yenye nguvu ya wastani na inayopinda karibu na ncha. Wenye haraka wanaweza kuishia hapo. Wengine tuendelee, maana kuna hali zinazobadilisha jibu hilo, na dukani kuna njia nyingi za kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza kigezo changu, ili ujue kwa nini nimepanga hivi. Mashindano mengi ya besi huhesabu uzito wa samaki watano bora, na kila mmoja lazima afikie urefu uliowekwa. Anayeshinda mara nyingi ni yule aliyejaza watano mapema, kisha akapata muda wa kubadilisha wadogo kwa wakubwa. Kwa hiyo seti ninaipima kwa jambo moja: chambo kinakaa majini muda gani kwa siku nzima? Kila dakika unayofumua mshipi uliojisokota, mwenzako nyuma ya boti anarusha.

Wauzaji wengi watakuvuta upande mwingine, kwenye fimbo nene ya kuvulia jitu. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa ni kilo 10 na ushei. George Perry aliivua Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia tarehe 2 Julai 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Samaki wa Kurita alimzidi wa Perry kwa chini ya aunsi moja, na kwa kuwa kanuni ilidai tofauti ya aunsi mbili, wote wawili wanaishikilia rekodi hiyo hadi leo. Imepita miaka 77 kati ya samaki hao wawili! Mfuko wako wa Jumamosi utajazwa na samaki wa kilo moja, kilo mbili ukibarikiwa. Nunua fimbo ya hao.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Ushauri mwingi wa besi umeandikwa na watu wa mabwawa na mito midogo, ambako unarusha hatua chache hadi kwenye kisiki. Ziwa kubwa lina upepo usiokatika, mawimbi, kina, na mara nyingi maji maangavu. Kwenye maziwa kama Erie, St. Clair na Champlain huko Amerika Kaskazini, besi mdomo mdogo ndiye anayebeba mashindano, na huyo hukaa kwenye miamba na vina virefu kuliko binamu yake mdomo mkubwa anayependa magugu.

1. Rili ya spini na fimbo ya wastani

Rili hii huning'inia chini ya fimbo na spuli yake, yaani gurudumu linalobeba mshipi, haizunguki unaporusha. Mshipi unajifungua wenyewe kutoka kwenye ukingo. Maana yake ni kwamba chambo chepesi cha gramu 5 hadi 10 kinatoka vizuri hata upepo ukikupiga usoni. Kwa dropushoti, yaani chubwi chini kabisa na ndoana imefungwa juu yake kiasi cha shubiri moja au mbili, hakuna kinachoishinda: unafungua, mshipi unashuka wima hadi chini, basi.

Kwenye fimbo, juu kidogo ya mshiko, kuna maandishi madogo ambayo wengi huyapita. Yasome. Herufi M ni nguvu ya wastani, ML ni pungufu ya hapo, MH ni wastani-nzito. Nguvu ni mzigo ambao fimbo inauweza. Mpindo ni kitu kingine: ni mahali inapoanza kujikunja. Ile iliyoandikwa "Fast" hujikunja sehemu ya juu tu, na ndiyo unayoitaka kwa ndoana moja, kwa sababu ukivuta, nguvu inafika mdomoni mwa samaki haraka. Pembeni utaona uzito wa chambo. Kwa seti ya kwanza tafuta fimbo inayobeba kuanzia gramu 5 au 7 hadi kama 18.

Sasa rili. Usihesabu beringi zilizoandikwa kwenye boksi. Idadi hiyo ni mapambo zaidi ya kipimo. Fanya hivi dukani: shika kishikio ukizungushe polepole huku sikio liko karibu. Kisha kisimamishe ghafla na ukirudishe nyuma, kisicheze. Legeza breki ya mbele, ile inayoachia mshipi samaki akivuta, hadi nusu, shika mshipi kwa vidole uvute taratibu. Spuli itoke kwa mwendo mmoja laini. Ikikwama kidogo, ikaachia, ikakwama tena, irudishe kwenye rafu hata kama ina rangi ya dhahabu. Mkwamo huo mdogo ndio unaokata mshipi wa pauni 8 (mzigo unaouhimili kabla ya kukatika) samaki anapochupa pembeni ya boti.

Kasoro yake ipo: spini huzungusha mshipi na kuuacha na misokoto. Dawa ni ndogo. Baada ya kurusha, funga ule waya wa mbele kwa mkono badala ya kuufunga kwa kuzungusha kishikio, na usijaze spuli hadi pomoni. Acha milimita mbili au tatu za ukingo.

2. Beitikasta na fimbo ya wastani-nzito

Hii hukaa juu ya fimbo na spuli yake huzunguka wakati wa kurusha. Kwa mvuvi aliyeizoea ni kifaa kitamu: chambo kinatua unapotaka, na mshipi mnene wa pauni 15 au zaidi unakaa bila ubishi. Kama ziwa lako lina ukingo mpana wa magugu, na besi mdomo mkubwa amejificha humo, basi panda hii iwe namba moja na spini ishuke. Mnyoo wa plastiki wenye ndoana iliyofichwa, jigi nzito (ndoana yenye kichwa cha risasi), chura wa plastiki juu ya magugu: vyote hivyo vinataka fimbo inayoweza kumng'oa samaki kabla hajajizungusha kwenye mashina.

Kwa nini basi ni ya pili? Upepo. Chambo kikipunguzwa mwendo na upepo huku spuli ikiendelea kukimbia, mshipi unafura na kujifunga fundo juu ya fundo. Breki za sumaku husaidia, lakini hazifuti kosa la kidole gumba. Atakayenunua beitikasta wiki moja kabla ya mashindano atashinda siku nzima akifumua. Inunue mapema, ujizoeze nchi kavu kwa chubwi lisilo na ndoana.

Uwiano wa gia wa karibu 7:1 unatosha kwa kazi nyingi. Maana yake ni kwamba kishikio kikizunguka mara moja, spuli imezunguka mara saba. Ni muhimu samaki akikimbilia boti na mshipi ukalegea.

3. Beitikasta na fimbo ya faibaglasi

Hii ni ya wale wenye seti mbili tayari. Faibaglasi hupinda polepole na kwa urefu mkubwa kuliko grafiti inayotumika kwenye fimbo nyingi, na ulaini huo unafaa kwa visamaki vya plastiki vyenye ndoana za meno matatu. Ndoana hizo hushika ngozi kidogo tu; fimbo ngumu huzichomoa. Nzuri sana kwa kazi hiyo, na kwa nyingine ni nzito na butu.

4. Rili ya kufunikwa

Ile yenye kitufe nyuma na kifuniko mbele. Mtoto ataimudu papo hapo, na kama unampeleka mwanao kwenye mashindano ya familia, mnunulie hiyo bila kusita. Kwako wewe breki yake kwa kawaida ni dhaifu na spuli ni ndogo.

5. Fimbo za antena na boksi la "kila kitu ndani"

Fimbo inayojikunja kama antena inavutia kwenye begi, ila kila kiungo ni mahali pa kulegea, na viduara vya kupitisha mshipi hujigeuza. Ukihitaji kusafiri, nunua ya vipande viwili. Yale maboksi yenye fimbo, rili, vyambo hamsini na kisu, hapo utakuwa umepigwa.

Mshipi: hapa usibane matumizi

Mtu anayetoa hela nyingi kwenye rili kisha akaijaza mshipi wa bei ya chini kabisa simwelewi. Samaki hajui rili ni ya kampuni gani. Anachogusa ni mshipi na ndoana.

Kuna aina tatu. Nailoni ni ya bei nafuu, huelea kiasi na hunyumbuka ikivutwa, kwa hiyo inasamehe makosa, lakini kwenye kina kirefu mnyumbuko huo unakunyima habari za chini. Mshipi wa kusuka karibu haunyumbuki: chubwi likigusa jiwe utalisikia mkononi. Ni mwembamba kwa nguvu yake, hivyo unaruka mbali, ila huelea na huonekana. Fluorokaboni huzama, na kwa kuwa inapindisha mwanga karibu sawa na maji, samaki huiona kwa shida.

Kwa spini kwenye maji maangavu changanya: mshipi wa kusuka wa pauni 10 hadi 15 kwenye rili, kisha mbele yake kama mita mbili za fluorokaboni ya pauni 8. Kabla ya kuweka wa kusuka, zungusha kwanza nailoni kidogo chini ya spuli, la sivyo mzigo wote utateleza na utadhani breki imeharibika. Kwenye ndoana funga fundo la Palomar, ulilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza.

Hela iliyobaki

Ukishanunua seti na mshipi, usikimbilie rafu ya vyambo. Mashindano ya besi yana desturi ya kurudisha samaki akiwa hai. Ray Scott, aliyeanzisha chama cha B.A.S.S. huko Marekani mwaka 1968, alianza kulisukuma jambo hilo katika mashindano yake mwaka 1972, na sasa waandaaji wengi hukata uzito kwa kila samaki aliyekufa. Kwa hiyo tangi la boti lenye pampu inayofanya kazi ni sehemu ya silaha zako. Boti ikiwa ya mwenzako, muulize mapema kama pampu ni nzima. Samaki aliyetolewa kina kirefu anaweza kufura kibofu cha hewa na kuelea ubavu. Huyo anataka uangalizi wa haraka, na kama hujafundishwa namna ya kumtoa hewa, mwachie anayejua.

Wavu wa mkono uwe wa mpira, si wa kamba zenye mafundo, kwani hizo hukwangua ute wa samaki na kunasa kila ndoana ya meno matatu. Soma kanuni kwanza: baadhi ya mashindano hupiga marufuku wavu, na mengi hukataza chambo hai na kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea. Mengine yameacha mizani kabisa; unamlaza samaki kwenye bao la vipimo, unapiga picha, unamwachia. Hayo huwa yanataja aina ya bao linalokubalika, na bao jingine halitahesabiwa.

Jaketi la kuokolea maisha nunua lako mwenyewe, la kukutosha, lisilokubana mikono unaporusha. La kuazima huishia chini ya kiti.

Ukinunua vya mkononi

Rili nzuri iliyotumika mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kubahatisha. Toa spuli uangalie mhimili kama una kutu, na kagua kile kigurudumu kidogo ambapo mshipi hupita. Kikiwa na mchirizi, kitakula mshipi wako wa kusuka. Kwenye fimbo, pitisha pamba ndani ya kila kiduara. Ikiacha nyuzi, kiduara kina ufa. Kisha pitisha kucha kuanzia mshikoni hadi nchani ukitafuta mahali grafiti ilipogongwa, maana kovu dogo hapo ndipo itakapovunjikia. Muuzaji akikuzuia usitoe spuli, mshukuru na uondoke.