Godoro la haibridi kwa nyumba za Mtwara na Lindi: lipi la kwanza, lipi la kuacha

Fedha za mnada wa korosho zikianza kuingia, godoro huwa miongoni mwa vitu vinavyobadilishwa mapema katika nyumba nyingi za huku kusini. Zamani maswali yalikuwa mawili tu: futi ngapi na inchi ngapi. Siku hizi muuzaji anakuonyesha godoro nene lililofungwa nailoni, anakwambia hili ni haibridi, na bei yake inaiacha mbali ya sponji ya kawaida. Je, linafaa? Kwa joto la Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Kilwa, nasema linafaa sana, ila si kila linaloitwa haibridi. Haibridi mbovu inazidiwa na sponji nzuri ya bei nafuu, na ukijua cha kuuliza utazitofautisha palepale dukani.

Haibridi ni mseto wa springi na sponji. Chini kuna tabaka jembamba la sponji ngumu. Katikati zimesimama springi za chuma, mara nyingi zenye kimo cha sentimita 15 hadi 20. Juu ya springi kuna sponji ya kawaida, sponji ya memori au lateksi, kisha kitambaa cha nje. Springi zinabeba uzito wa mwili, na tabaka za juu zinapokea bega na nyonga zisiumie. Katikati ya springi kuna uwazi ambamo hewa hupita, ndiyo maana godoro hili halitunzi joto kama bonge moja la sponji. Usiku wa Januari, umeme umekatika na feni imesimama, tofauti hiyo utaihisi mgongoni.

Springi zenyewe ziko za aina mbili. Zipo zilizofungwa pamoja kwa waya zikawa wavu mmoja: akigeuka baba, mama anatikisika. Na zipo springi za mifuko, kila moja imeshonewa mfuko wake wa kitambaa na inabonyea peke yake. Hizi za mifuko alizibuni James Marshall karibu na mwaka 1900, kwa hiyo asikuuzie mtu kwa bei ya kitu kilichovumbuliwa jana. Lakini kwa wanandoa, au kwa mama anayeamka usiku kunyonyesha, hakuna kinachozishinda. Jaribio lake ni rahisi: mmoja alale upande mmoja, mwingine akae na kuinuka upande wa pili. Anayelala akiyumba, hizo si springi za mifuko, au ni za mifuko lakini waya wake ni dhaifu. Waya hupimwa kwa geji, na hesabu yake huenda kinyume: geji 13 ni waya mnene kuliko geji 15.

Hivi ndivyo ninavyoyapanga, kwa mtu mzima anayelala ukanda wa pwani.

1. Springi za mifuko, juu yake lateksi au sponji nzito. Hili ndilo la kwanza bila ubishi. Lateksi ya asili hutokana na utomvu wa mti wa mpira. Inabonyea na kurudi haraka, na haishiki joto sana. Ikikosekana au ikikushinda bei, sponji nzito inatosha kabisa. Sisitiza kujua unene wa tabaka lililo juu ya springi. Likiwa chini ya sentimita 5, mtu mwenye mwili atazihisi springi kabla mwaka haujaisha. Godoro zima likiwa na inchi 10 ni kipimo kizuri. Sioni sababu ya kulipia inchi 14.

2. Sponji nzito tupu, inchi 8. Ndiyo, naipa nafasi ya juu kuliko haibridi nyingi. Godoro hili unaweza kulitoa nje ukalianika na kulirudisha ndani peke yako, halina chuma cha kushika kutu, na linaingia kwenye kitanda chochote cha fundi wa mtaani. Tatizo ni kwamba neno “nzito” limebandikwa hata kwenye sponji nyepesi. Dawa yake ni mizani. Godoro la futi 5 kwa 6, inchi 8, lina ujazo wa mita za ujazo 0.57 hivi. Sponji yenye densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo italifanya liwe na kilo 14. Likija na kilo 9, densiti yake ni 16 tu, na hilo litalala kabla yako. Watu wa mkoa wa korosho tunajua madhara ya kangomba, yaani biashara ya korosho kwa vipimo visivyo rasmi: kununua godoro kwa kulibonyeza kwa kidole ni kuuza korosho kwa kipimo cha kopo. Mwombe muuzaji apime kilo. Hesabu hii lakini ni ya sponji tupu. Kwenye haibridi chuma kinaivuruga, hapo rudi kwenye unene wa tabaka la juu na geji ya waya.

3. Springi za mifuko, juu yake sponji nene ya memori. Sponji ya memori ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi za NASA za viti vya ndege, na inapunguza kweli mgandamizo kwenye viungo. Shida yake ni kwamba inalainika kwa joto na inakukumbatia, hewa haipiti. Kwa chumba cha Shangani au Kilwa Masoko kisicho na kiyoyozi sikushauri, isipokuwa tabaka la memori liwe jembamba na chini yake kuwe na sponji ya kawaida. Kwa ndugu zetu wa Newala, huko juu uwandani ambako usiku wa Juni na Julai watu huvuta blanketi, hili linapanda hadi nafasi ya pili.

4. Springi zilizofungwa kwa waya, juu yake sponji nyembamba. Wauzaji wengine wanaliita haibridi pia. Linapendeza dukani kwa sababu linadunda. Linafaa chumba cha wageni.

5. Mtumba wa springi. Acha. Kunguni akishaingia ndani ya springi, jua halimfikii na dawa inamfikia kwa shida.

Godoro la sufi nimeliacha nje ya orodha kwa sababu halishindani na haya, ila nalisemea neno moja: kwa ubaridi wake na kwa mzee aliyelizoea, msimlazimishe kulibadilisha kwa kuwa tu watoto wamepata hela.

Kabla ya kulipa, pima kitanda. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Haibridi nyingi zinatoka nje ya nchi na zina vipimo vya sentimita 150 kwa 200 au 180 kwa 200. Kitanda chetu cha futi 5 kwa 6 ni sentimita 152 kwa 183. Upana wa 150 utakubali, lakini urefu utazidi sentimita 17, na godoro la springi halilazimishwi. Ama utafute lililokatwa kwa futi, ama uongee na seremala arefushe kitanda kwanza.

Angalia na chaga. Sponji inavumilia chaga zilizoachana shubiri nzima, springi hazivumilii. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi sentimita 7 au 8, na kitanda cha futi 5 au 6 kiwe na boriti katikati yenye mguu unaofika sakafuni. Kuongeza chaga ni kazi ya nusu siku kwa fundi. Usifunike kwa ubao mzima usio na matundu, kwa sababu unyevu wa jasho utakwama chini, na pwani hii ambako hewa ya chumvi inakula hata bawaba za milango, springi zitaanza kutu kwa ndani bila wewe kuona. Kwa sababu hiyo hiyo usilitandike haibridi sakafuni, hata kwa muda. Nunua pia kava lisilopitisha maji. Jasho na mkojo wa mtoto ni adui wa chuma.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia ni la chandarua. Mikoa yetu bado ina malaria nyingi, na chandarua ni lazima kichomekwe chini ya godoro kila usiku. Haibridi ya futi 6 kwa 6 inaweza kufika kilo 40 au zaidi. Kama anayetandika ni mama mjamzito au bibi, kuinua pembe nne za godoro hilo kila jioni ni adhabu, na mwishoni chandarua kitaachwa kinaning'inia. Nunua chandarua kirefu, na ujaribu kuinua pembe ya godoro ukiwa dukani.

Usafiri: ukiagiza Dar es Salaam, usikubali likunjwe ili liingie kwenye buti la basi. Springi zikipinda hazinyooki. Yale yaliyobanwa na kuviringishwa kiwandani ni sawa kusafirishwa hivyo hivyo, ila yakishafunguliwa hayarudishwi kwenye mviringo, na yape siku moja hadi tatu yafure kabla ya kulalia. Kutoka dukani hadi nyumbani lipakie kwenye guta, likiwa limelala.

Haibridi nyingi zina upande mmoja tu wa kulalia, kwa hivyo halipinduliwi juu chini. Geuza kichwani kuwe miguuni kila baada ya miezi mitatu. Risiti iandikwe aina ya springi, unene wa tabaka la juu na muda wa dhamana. Soma dhamana inasemaje kuhusu chaga, kisha piga picha kitanda chako kikiwa na chaga zake kabla ya kutandika, kwa kuwa godoro likibonyea, jambo la kwanza utakaloulizwa ni lililazwa juu ya nini.