Joplin: roli za 1916 au rekodi ya Rifkin?

Ukitaka kuanza kumsikiliza Scott Joplin, yule mtunzi Mmarekani wa ragtaimu (muziki wa piano wenye mapigo ya kurukaruka), kuna njia mbili. Ya kwanza ni zile roli za karatasi zenye matundu alizopiga mwenyewe 1916, mwaka mmoja kabla hajafariki, piano inazisoma na kujipiga yenyewe, yaani unapata mpigo wake kabisa, ila roli zilikuwa zinarekebishwa kiwandani na zile za kawaida kama hizi hazishiki sauti ikipanda au ikishuka, so inatoka bapa bapa hivi.

Halafu kuna mpiga piano Joshua Rifkin, albamu yake ya 1970 ya nyimbo za Joplin. Huyu hana haraka, mkono wa kushoto umetulia, wa kulia unaruka katikati ya mapigo, na Joplin mwenyewe alishaandika kwenye nota zake kwamba ragtaimu isikimbizwe. Mi naenda na Rifkin, msikilize kwenye Maple Leaf Rag, wimbo wa Joplin wa 1899, noti zote unazipata aisee! Roli tafuta baadaye, ukishaizoea ragtaimu.