NFS (njia ya kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao) inaburuza: ubaki na sync au uweke async?

Kabla hujagusa /etc/exports (faili la seva linalopanga folda zipi zinashirikiwa, na kama ni sync au async) piga kwanza amri ya nfsiostat 1 kwenye klayenti, yaani mashine inayotumia mafaili hayo, uangalie RTT (muda wa ombi kwenda kwa seva na jibu kurudi) na exe (muda wote wa ombi, pamoja na kusubiri kwenye klayenti), maana exe ikiizidi RTT kwa mbali basi foleni iko kwako wewe sio kwa seva, hapo jaribu nconnect=8 wakati wa ku-mount (inafungua miunganisho minane kwenda kwa seva) kama kerneli ya Linux ni 5.3 kwenda juu.

RTT yenyewe ndo kubwa kwenye kuandika? Haya sasa. Kwa sync, ambayo ndo ya kawaida, seva haikubali kwamba imehifadhi mpaka data itue kwenye diski, so ukifungua tar (kifurushi) ya mafaili madogo elfu kumi kila faili linasubiri zamu yake, inachosha kweli. Faili moja kubwa haliumii hivyo. Async inajibu "tayari" data ikiwa bado kwenye RAM, tar ileile inapita fasta, ila umeme ukikatika seva ikazima ghafla data imeenda na klayenti haioni eror yoyote, hilo ndo linaniogopesha.

Mi async naweka kwa mafaili ya muda tu. Databesi na kazi za watu ni sync, na hela inaenda kwenye SSD yenye kinga ya umeme kukatika, hapo hata sync inakimbia.