Lenzi niliyoikodi Kigoma mjini: mchanga ule si wangu

Nilipokwenda kurudisha lenzi ya kamera nilimwamkia mwenye duka, "Shikamoo, mzee," naye, badala ya kuitikia, akaizungusha pete ya fokasi, ile ya kuifanya picha ionekane wazi, akaisikia inakwaruza, kisha akasema mbele ya wateja: "Dada, mchanga huu umeutoa ufukweni Kibirizi. Pesa ya dhamana hurudishiwi."

Mchanga ule si wangu. Jioni ya kuichukua nilimwonesha mwenyewe kwamba pete inakwaruza, akanijibu kuwa lenzi ndefu zote ndivyo zilivyo, nami nikamwamini. Niliibeba ndani ya kitenge hadi ufukweni, na sikuiweka chini hata mara moja.

Anayepiga picha za ndege Kigoma anajua namna muda ulivyo mfupi. Jua huchomoza karibu saa moja, tena nyuma ya vilima, hivyo ukitazama ziwani mwanga hutoka mgongoni kwako na kumwangukia ndege ukiwa bado laini, kabla maji hayajaanza kung'aa. Asubuhi ile kitwitwi, mgeni anayetujia kila mwaka kutoka Ulaya na Asia, alikuwa akidonoa pembezoni mwa maji, pale wavuvi walipokuwa wameshusha dagaa, mkia wake ukipanda na kushuka bila kutulia. Alinisogelea hadi nikaona tone la maji kwenye ncha ya mdomo wake. Hapo hapo fokasi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikakwama. Nikaizungusha kwa mkono, ikagoma. Ndege akaruka chinichini juu ya maji, akaenda zake.

Kwa hiyo msikodi pale. Hata hivyo, haki lazima isemwe: kabla haijakwama lenzi hiyo ilinipa picha moja ambayo sijapata kupiga mfano wake, weupe wa kifua umepanda mbele ya bawa, na manyoya unaweza kuyahesabu. Jana nilipoitazama nilikaribia kulisifu duka. Leo nimeikumbuka ile "Dada" iliyotamkwa kwa dharau, na sifa hiyo nimeifuta. Ukilazimika kukodi kwake, kwa kuwa lenzi ndefu kama ile sijaiona kwingine mjini, izungushe pete mkiwa wote wawili, na ikikwaruza mwambie aandike hivyo kwenye risiti kabla hujatoa hata shilingi moja. Mimi nadai dhamana yangu, na nadai aitikie shikamoo yangu.