Lenovo Legion 5 ya mwaka 2021: wati kwanza, jina la kadi baadaye

Kompyuta mpakato niliyoitumia kabla ya hii ilikuwa na kibandiko cha kadi ya michoro ya RTX 3060 karibu na kibodi, lakini nilipofungua mchezo wa Cyberpunk 2077 picha zilikwama kila nilipoendesha gari katikati ya mji. Muuzaji hakunieleza, nami sikujua kuuliza, kwamba NVIDIA iliwaruhusu watengenezaji kuiendesha kadi hiyo kwa kiwango chochote kati ya wati 60 na 115, huku jina likibaki lilelile, ilhali wati chache humaanisha kasi ndogo. Ndiyo maana kompyuta mbili zinazofanana kabisa kwenye karatasi ya bei zinaweza kutofautiana sana mchezo mzito unapoanza.

Legion 5 yenye prosesa ya Ryzen 7 5800H na RTX 3060 huifikisha kadi wati 130, kwa sababu prosesa isipokuwa na kazi nyingi huiachia wati 15 za nyongeza. Mchezo uleule ulionikwamisha sasa unakwenda bila kusita katika mipangilio ya juu, mradi nisiwashe ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing, unaoiga mwanga halisi), ambao huielemea kadi ya ngazi hii. Anayetaka kujiridhisha kabla ya kulipa, hasa anayenunua iliyotumika, aombe kompyuta iwashwe, afungue NVIDIA Control Panel, aende kwenye taarifa za mfumo na kusoma kiwango cha juu cha wati. Ni kazi ya dakika moja, na muuzaji mwaminifu hatakataa.

Wati hizo zote hugeuka joto, na hapa ndipo ninapoisifu zaidi mashine hii. Hewa ya moto hutolewa nyuma na pembeni, hivyo hata katika chumba kisicho na kiyoyozi, Dar es Salaam, kasi haiporomoki baada ya nusu saa. Feni huvuma kwa nguvu, kwa hiyo vaa vipokea sauti, na usiache vumbi lijazane kwenye matundu ya chini.

Skrini yangu ni ya inchi 15.6 na herzi 165, yaani huonyesha picha upya hadi mara 165 kwa sekunde. Modeli hii ilitoka na skrini za aina kadhaa, kwa hiyo uliza unapewa ipi.

Kasoro zipo. Kadi ina kumbukumbu ya gigabaiti 6, wakati RTX 3060 ya kompyuta ya mezani ilitoka na 12, na michezo mipya inayotumia picha nzito huzimaliza mapema. Uzito ni takriban kilo 2.4 bila chaja, na chaja yangu ya wati 300 ni tofali. Umeme ukikatika, mchezo hupoteza kasi papo hapo, kwa kuwa betri haiwezi kuilisha kadi kama chaja inavyoilisha. Mwenye inveta ndogo nyumbani ahesabu wati hizo 300 kabla ya kuitegemea.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hukaa katika nafasi mbili, nazo zijazwe zote: vijiti viwili vya gigabaiti 8 huipa prosesa njia mbili za kusoma data, faida ambayo kijiti kimoja cha 16 hakitoi. Kuhusu SSD, yaani hifadhi ya mafaili na michezo, ya gigabaiti 512 haitoshi, kwani mchezo wa Red Dead Redemption 2 pekee unadai 150. Mimi niliongeza ya pili ya terabaiti 1 kwenye nafasi iliyoachwa wazi ndani, bila kuigusa ya kwanza.