Nimeuliza kuhusu dawa, nikajibiwa chipsi

Kliniki hii ninayotibiwa presha ni safi, foleni inakwenda, na vidonge walivyonianzishia vimeshusha presha yangu kweli. Wakati huo nilikuwa natumia atenololi pamoja na haidroklorothiazaidi, ile ya kukojoza. Sifa hiyo siwanyimi.

Ila yule daktari! Kabla sijaanza dawa nilipima mafuta ya damu, yakawa sawa. Kipindi cha mvua nikapima tena: triglisiridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu, 2.8 wakati kikomo ni 1.7, na lehemu nzuri (kolesteroli ya HDL) imeshuka. Nikaweka majibu yote mawili mezani kwake, nikauliza kwa adabu, "Dokta, haiwezi kuwa hizi dawa?" Hata kuzigusa zile karatasi hakuzigusa. Akanitazama tumbo, akasema, "Mama, acha chipsi," akaita mgonjwa mwingine nami bado nimekaa. Mbele ya nesi! Mimi wa mchicha na dagaa wa kuchemsha, naambiwa chipsi na kijana wa rika la kitinda mimba wangu.

Aliyenielewesha ni mfamasia wa duka la dawa la mtaani. Atenololi na wenzake wa zamani kama propranololi wanaweza kupandisha triglisiridi na kushusha lehemu nzuri. Ile ya kukojoza nayo hupandisha mafuta, hasa dozi ikiwa kubwa; ikiwa miligramu 12.5 au 25 athari huwa ndogo. Mimi nilikuwa napewa 50. Dawa nyingine za presha kama amlodipini, losatani na enalaprili kwa kawaida haziyagusi mafuta. Akanikataza kabisa kuacha atenololi ghafla, maana moyo unaweza kuleta shida kubwa.

Sisemi dawa ndiyo chanzo pekee, umri nao upo. Na dawa yenyewe siichukii, presha ingeweza kuniletea kiharusi. Lakini swali langu lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe halimalizi dakika mbili! Kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyopanda, na ile sifa ya mwanzo naiondoa.

Ingawa, haki ya mtu nayo niseme: daktari mwingine, mama mtu mzima wa palepale, alisoma karatasi zote mbili mstari kwa mstari, akanipunguzia atenololi taratibu mpaka ikaisha, akanihamishia amlodipini na losatani. Kwake nitaendelea kwenda. Siku nikipangiwa yule kijana, nachukua faili langu naondoka.